Maktaba ndogo haikosi jibu

Mwezi huu nimechagua barua nne. Tatu zimetoka maabara na moja kwa mfanyabiashara, lakini zote zinagusa jambo lilelile: jina linalotolewa na mashine tuliamini kiasi gani, na mtu akitaka kujitengenezea maktaba yake ya spektra aanzie wapi.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani: mashine ya spektrometria ya masi huvunjavunja molekyuli kuwa vipande vyenye chaji, ikapima uzito wa kila kipande, ikachora vilele, kimoja kirefu, kingine kifupi. Mchoro huo ndio spektra. Programu huuchukua mchoro wa sampuli yako, ikaupitisha mbele ya michoro iliyohifadhiwa, kisha ikakuambia umefanana na nani. Hayo mahifadhi ndiyo maktaba. Ile ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ina spektra zaidi ya 300,000. Mimi nimezeeka na mashine hizi, na zimenidanganya vya kutosha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko maabara ndogo hapa Unguja, tunapima mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na masi. Kwenye kilele kikubwa programu inanipa yujenoli alama 94, chini yake aisoyujenoli alama 93, halafu jina la tatu nisilolijua, alama 92. Bosi anataka jina moja kwenye cheti. Tukitengeneza maktaba yetu wenyewe, ugomvi huu utaisha? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Marahaba mwanangu. Utaisha, ila si kwa njia unayoitarajia.

Yujenoli na aisoyujenoli ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni C10H12O2, zote zina uzito wa 164. Zinachotofautiana ni mahali kilipokaa kifungo maradufu kwenye mkia. Ukizipiga kwa elektroni za nishati ya eV 70, kama tunavyofanya sote, kila moja inakupa 164 ndefu, 149 baada ya kupoteza methili, kisha 131, 103 na 77. Urefu wa vilele unapishana kidogo, na huo upishano mdogo humezwa na tofauti kati ya mashine yako na ile iliyorekodi spektra ya maktaba miaka hiyo. Hilo jina la tatu yawezekana ni chavibetoli, ndugu mwingine wa nyumba hiyohiyo.

Sasa ukirekodi spektra zako mwenyewe, alama zitapanda, labda 98 kwa 97. Ugomvi uko palepale. Anayeamua hapa ni saa, yaani muda ambao kila kitu hutumia kupita kwenye koluma, ule mrija mrefu mwembamba unaovitenganisha vitu kabla havijafika kwenye masi. Kwenye koluma ya silikoni yenye fenili asilimia 5, ambayo nadhani ndiyo mliyo nayo, yujenoli hutoka kwenye indeksi (muda huo uliogeuzwa kuwa namba) ya 1356 hivi, na aisoyujenoli ya umbo la trans karibu na 1450. Maktaba yako isiyo na safu ya indeksi ni daftari la majina lisilo na anwani.

Indeksi yenyewe si ngeni. Aliileta Ervin Kováts huko Uswisi mwaka 1958, na mwaka 1963 van den Dool na Kratz wakaifanya itumike kwa tanuri linalopandishwa joto polepole, kama lenu. Unadunga mchanganyiko wa alkani zilizonyooka, kwa mfano C8 hadi C20, kwa programu ileile ya joto unayotumia kwa mafuta. Kila alkani hupewa idadi ya kaboni zake mara 100: yenye kaboni 13 ni 1300, yenye 14 ni 1400. Tuseme ya 13 imetoka dakika ya 21.40, ya 14 dakika ya 23.90, na kilele chako dakika ya 22.80. Kimevuka ya 13 kwa dakika 1.40, na pengo lote ni dakika 2.50. Gawanya, unapata 0.56. Indeksi ni 1356. Ukikata koluma sentimita thelathini kuondoa uchafu, dakika zitahama, alkani zitahama pamoja nazo, na 1356 itabaki 1356 au jirani yake wa karibu. Ndiyo maana nakusihi usiandike dakika peke yake kwenye maktaba.

Nunua standadi, yaani kemikali safi zinazojulikana, za yujenoli, yujenili asetati, beta-kariofilini na humulini. Nunua na aisoyujenoli, hata kama hujawahi kuiona kwenye makonyo. Hiyo ndiyo itakayokuambia kwamba uliyonayo siyo yenyewe. Kwa yujenili asetati uwe macho. Uzito wake ni 206, lakini 206 kwenye spektra ni kijiti tu. Kilele kirefu ni 164 tena, kwa kuwa hudondosha kipande cha 42 ikabaki na sura ya yujenoli. Hutoka karibu na 1522. Wewe unaipenda hii kuliko ninavyoipenda mimi, maana mafuta yaliyokenekwa kutoka karafuu zenyewe huwa nayo kwa wingi, ilhali ya majani huwa nayo kidogo mno. Mteja akikuletea chupa akakuapia ni ya karafuu tupu, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Sasa nikusimulie kosa langu, kwani ndilo hasa jibu la barua yako. Maktaba yangu ya kwanza ilikuwa na vitu 38, vyote vya viungo, na niliionea fahari. Ili kazi iende haraka, niliiondoa maktaba kubwa kwenye orodha ya kutafutia nikaacha yangu peke yake. Siku moja nilikuwa napima maji ya mvuke wa makonyo, yale yanayobaki baada ya mafuta kutengwa, nimeyavuta kwa kiyeyushi cha heksani. Kikatokea kilele kidogo karibu na 1592. Programu ikasema: kariofilini oksaidi. Hiyo kwenye maktaba yangu iko 1582, robo dakika tu mbali. Nikaandika. Sampuli ya pili, kariofilini oksaidi. Ya tatu vilevile. Karibu miezi miwili niliiandika, mpaka mteja mmoja akarudisha cheti akiuliza mbona kwenye maabara nyingine haionekani.

Nikafungua spektra, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Vilele viwili tu vya maana, 149 na 177. Alama ya ufanano ilikuwa 480 kwa 999. Nilikuwa nasoma jina, alama siisomi. Kile kitu kilikuwa daiethili thaleti. Na kilitoka wapi? Nilipangusa vidole vyangu kwa pamba yenye heksani, nikaidunga: 149 na 177, zimesimama kama minara. Hutumika kuyeyushia manukato, nami nilikuwa najipaka manukato kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Ukimwuliza mtu anayejua majina 38 tu mgeni huyu ni nani, atakupa mojawapo ya hayo 38. Hajui kusema simjui. Kwa hiyo ndani ya maktaba yako waandikishe na wezi: thaleti zenye 149, uvujaji wa koluma wenye 207 na 281, hata spektra ya heksani yenu mnayonunua. Maktaba kubwa usiifungie nje. Itafute ya kwenu kwanza, halafu kubwa, uone kama zinasema mamoja. Na weka kizingiti. Watu wa NIST wenyewe huhesabu 900 na kuendelea kuwa ni ufanano bora, 800 hadi 900 mzuri, 700 hadi 800 wa wastani, na chini ya 600 dhaifu mno. Kwa spektra niliyoirekodi kwenye mashine yangu mwenyewe mimi sikubali chini ya 900, na indeksi isipishane zaidi ya 5.

Ona pia kwamba 149 ya thaleti na 149 ya yujenoli kwenye mashine yenu ni namba moja. Ukipata fursa ya kuona mashine yenye usahihi mkubwa utakuta moja ni 149.023 na nyingine 149.060. Kwenye kwadrupoli, yaani mashine ya kawaida ya masi, zote ni 149, na hapo ndipo mimi nilipopotezewa miezi miwili, kwani nilipoiona 149 nilijisemea ni jamaa wa karafuu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, Morogoro. Nina standadi 60 za viambato vya mimea na nimepewa mashine kwa wiki mbili tu. Naomba utaratibu wa kurekodi, nisije nikamaliza muda nikabaki na takataka. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Wiki mbili zinatosha kama siku mbili za mwanzo hutadunga standadi hata moja.

Siku ya kwanza ni ya mashine. Ifanyie marekebisho kwa ile kemikali ya PFTBA, uangalie 69, 219 na 502 zimekaa sawa na uwiano wake ni wa kawaida ya mashine hiyo. Chapisha karatasi, ibandike kwenye daftari. Tazama 18, 28 na 32: maji, nitrojeni, oksijeni. Ikiwa 28 na 32 ziko juu kuna mahali panavuta hewa, na kama umeme ulikatika usiku, usidunge kitu asubuhi hiyo. Acha ombwe lirudi kwanza. Najua wiki mbili ni chache. Hata hivyo acha.

Siku ya pili dunga kiyeyushi kitupu mara tatu, kisha alkani mara tatu. Hayo ndiyo yatakayokulinda mbele ya watahini.

Kisha standadi, na hapa wengi huharibu kwa kuzidisha. Kikombe kikifurika, kigunduzi hakihesabu tena: kilele kirefu kinakatwa kichwa, vidogo vinaonekana vimekua, na spektra inakuwa ya uongo milele kwa kuwa umeihifadhi. Tengeneza mbili kwa kila standadi, moja nzito na moja uliyoipunguza mara kumi. Zikilingana kwa uwiano wa vilele, chukua. Zisipolingana, amini ile nyepesi.

Usichukue picha moja ya juu kabisa ya kilele. Kwadrupoli hupima uzito mmoja baada ya mwingine, na wakati inapima kitu chenyewe kinaongezeka au kinapungua ndani yake. Kwa hiyo kwenye mteremko wa kupanda spektra huegemea upande mmoja, kwenye wa kushuka huegemea mwingine. Chukua wastani wa kilele kizima, kutoka nusu ya kupanda hadi nusu ya kushuka, kisha toa wastani wa sehemu tulivu iliyo mbele yake tu. Ukiitoa sehemu yenye mkia wa kitu kingine, utakuwa umefuta vilele vya halali. Nimeona spektra ya seskwitepeni isiyo na 93 kwa sababu hiyohiyo. Mwenyewe aliikata kwa mkono wake.

Anza kuskani 35 au 40, si 50, kama kiyeyushi kinakuruhusu. Vipande vidogo vya 41 na 43 vinachosha macho lakini vina kazi wakati wa kulinganisha.

Kuhusu kuhifadhi: programu ya mashine ina muundo wake, na siku ukiondoka na diski hutaweza kuufungua popote. Toa nakala ya maandishi ya aina ya MSP. Ni faili la kawaida linalofunguka hata kwa kihariri cha simu: mstari wa jina, wa fomula, wa namba ya CAS (namba ya utambulisho wa kemikali), wa maelezo, wa idadi ya vilele, halafu jozi za uzito na urefu. Kwenye mstari wa maelezo ndipo mwenye akili anapojulikana. Andika koluma, programu ya joto, indeksi, standadi ilitoka wapi na bachi namba ngapi, usafi wake kwa mujibu wa lebo, tarehe, na nani alidunga. Miaka mitatu baadaye utakapokuta spektra mbili za linaloli zisizofanana, mstari huo ndio utakaosema ipi ya kufuta.

Jina liandike kwa namna moja tu. Maktaba yenye "beta-kariofilini", "b-kariofilini" na "kariofilini" ina vitu vitatu machoni pa programu.

Jambo moja la adabu: spektra za maktaba ya kununua usizinakili ukazigawa kwa wenzako kana kwamba ni zako. Leseni hairuhusu, na isitoshe hazina indeksi ya tanuri lako.

SWALI: Hujambo mwalimu? Tunapima sumukuvu kwenye mahindi kwa kromatografia ya kimiminika na masi ya hatua mbili. Nilipakua spektra za bure za sumukuvu B1 nikazitia kwenye maktaba yetu, lakini standadi yetu halisi inapata alama mbaya dhidi yake. Je, standadi imeharibika? (Mchambuzi, Machakos)

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Standadi yako sina sababu ya kuitilia shaka bado, ingawa uihifadhi gizani, mwanga hauipendi.

Kule kwenye gesi tulikubaliana dunia nzima kutumia eV 70, ndiyo maana spektra iliyorekodiwa Ulaya zamani inafaa Unguja leo. Kwenye kimiminika hapakuwahi kuwa na mapatano hayo. Ayoni ya 313, ambayo ni B1 iliyobeba protoni, unaigonganisha na gesi kwa nishati unayoichagua, na 20 ya mashine moja si lazima iwe 20 ya nyingine. Kwa nishati ndogo 313 yenyewe inabaki imesimama. Ongeza, itatoka 285, kisha 241. Zidisha, vitabaki vipande vidogovidogo. Aliyeipandisha ile spektra ya bure pengine alirekodi kwa nishati nyingine kabisa. Rekodi standadi yako kwa nishati tatu, kwa mfano 10, 20 na 40, uzihifadhi kama spektra tatu tofauti, nishati ikiandikwa ndani ya kila moja.

Angalia pia usije ukawa umechukua 335. Hiyo ni B1 ileile, ila imebeba sodiamu badala ya protoni, na ayoni ya sodiamu ni kaidi, huigonganisha weee na haitoi cha maana. Kuongeza asidi ya fomiki kidogo kwenye kimiminika, na kuacha kutumia chupa za glasi zilizokaa na sabuni, hupunguza jambo hilo.

Kisha kuna mtego ambao naona watu wa sumukuvu hawausemi sana. B2, sumukuvu ndugu ya B1, ni 315, na hutoa 287. Lakini B1 ikiwa nyingi, sehemu yake ndogo yenye isotopu nzito nayo hufika 315, nayo hutoa 287. Ukitegemea spektra pekee utaandika B2 isiyokuwepo. Tena saa inaamua: kwenye koluma ya kawaida ya C18 sumukuvu hizi na ndugu zao wa G hutoka kwa mfuatano wa G2, G1, B2, halafu B1 mwisho. Kilele cha 315 kinachotoka wakati mmoja na B1 si B2.

Maktaba za bure usizitupe. MassBank iliyoanza Japani mwaka 2006, MoNA na GNPS za Kalifornia, zote zina kazi yake: kukupa dokezo la kitu ambacho huna standadi yake. Dokezo liandike kwenye ripoti kama dokezo. Ninyi wa Ukambani hamhitaji kuelezwa uzito wa namba hii. Mwaka 2004 mahindi yaliua watu 125 katika wilaya zenu na jirani. Namba ya B1 haitoki maabara bila standadi halisi iliyodungwa siku hiyohiyo. Na vyombo vyake loweka kwenye maji ya jiki kabla hujaviosha.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Mswahili wa Maskati, nauza ubani. Wateja wanauliza kama ni wa Dhofar, kusini mwa Omani, kweli. Kuna mashine inayoweza kunipa jibu? (Muuza ubani, Maskati)

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu. Mashine itakupa nusu ya jibu. Ubani wa Dhofar, Boswellia sacra, kwa kawaida mafuta yake hutawaliwa na alfa-paini, indeksi ya 932 hadi 939. Ubani wa mti wa Boswellia papyrifera wa Ethiopia na Sudani hutawaliwa na oktili asetati. Hao wawili hata mwanafunzi wangu wa wiki moja atawatenganisha. Lakini ubani wa Kisomali unafanana sana na wa kwenu, na hapo hakuna maktaba ya kununua itakayokusaidia, maana maktaba hizo zinajua majina ya kemikali, hazijui majina ya mabonde.

Ya kwako itabidi itokane na miti. Kama una jamaa wenye miti huko Dhofar, waombe utomvu wa mti mmoja mmoja, kila mti na karatasi yake: mahali, tarehe, picha ya majani na gome. Ishirini kutoka Dhofar na ishirini kutoka Somalia ni mwanzo mzuri kwa maabara yoyote itakayokubali kazi hiyo. Ufungwe kwenye karatasi au chupa ya glasi, usitiwe mfuko wa plastiki. Na siku ya kuukusanya, mkusanyaji asijipake manukato.